Ukolevu wa Rangi

Ukolevu wa rangi ni kiwango cha usafi wake, yaani jinsi rangi ilivyo mbali na kijivu chenye mwanga sawa nayo. Ukolevu ukishuka hadi sifuri hubaki kijivu kitupu. Katika upigaji picha, istilahi hii hujitokeza sana katika picha za machweo.

Neno limetokana na kitenzi kolea. Mchuzi hukolea chumvi, chai hukolea sukari, na kanga mpya husifiwa kwa rangi zilizokolea. Wapo wanaotumia koza, lakini buluu iliyokoza kwa wengi ni buluu yenye giza, na giza ni suala la mng'ao, si la ukolevu. Wingu la machweo laweza kukolea sana na bado likang'aa. Tena, kolea hubeba maana ya kadiri: mchuzi uliokolea umefikia kipimo chake, ukikipita, husemwa chumvi imezidi. Hapo ndipo ubora wa istilahi hii ulipo.

Machweo yanayotazamwa kutoka Forodhani, Unguja, yanaonyesha kadiri hiyo. Jua linapogusa upeo wa bahari, mwanga wake hupita katika hewa nyingi takriban mara 38 kuliko ule wa jua la utosini. Molekuli za hewa hutawanya mwanga wa buluu zaidi ya mwekundu, kama Lord Rayleigh alivyoeleza mwaka 1871, hivyo unaofika machoni huelemea njano na nyekundu. Hata hivyo, anga halikolei kote sawasawa. Kando ya jua kuna njano iliyopauka, kisha rangi ya machungwa, kisha waridi, na juu kabisa buluu yenye kijivu. Mpito huo wa polepole ndio unaoifanya picha iaminike.

Katika picha ya kawaida ya dijitali, kila pikseli ina thamani tatu, za nyekundu, kijani na buluu, kila moja kati ya 0 na 255. Pikseli ya wingu yenye 230, 120 na 60 ni ya rangi ya machungwa. Kwa kanuni moja inayotumika sana, tofauti ya thamani kubwa na ndogo hugawanywa kwa ile kubwa: 170 kwa 230, yaani ukolevu wa asilimia 74 hivi. Ukolevu ukiongezwa kupita kiasi, nyekundu hukwama kwenye 255 na buluu hushuka hadi 0. Pikseli jirani zilizotofautiana hulingana, na mikunjo ya wingu hugeuka baka moja.

Kinga huanzia kwenye kamera. Mwangaza hupunguzwa kidogo ili nyekundu isifike kikomo. Mizania ya weupe huwekwa kwenye mwanga wa mchana, karibu kelvini 5,500, kwa kuwa ile ya kujirekebisha yenyewe huweza kufifisha rangi ya machweo. Faili ghafi huhifadhi taarifa nyingi zaidi za kuhariri. Wakati wa kuhariri, ukolevu huongezwa taratibu huku macho yakiwa kwenye ngozi za watu na mikunjo ya mawingu. Ngozi ikifanana na tofali, au mikunjo ikianza kupotea, rangi imezidi na inafaa kurudishwa nyuma.