Mali ya Mjerumani na Mashine Inayosikia Chini

Hapa Songea kuna stori isiyokwisha vijiweni: mali ya Mjerumani. Kila mzee ana mwembe wake anaoushuku. Siku hizi stori hiyo imepata mashine. Vijana wanachanga hela, wanakodi ditekta, kisha wanazunguka nayo usiku kama wezi wa kuku.

Tuitazame mashine yenyewe. Mwaka 1881 Rais Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na Alexander Graham Bell, yule yule wa simu, akaunda chombo cha kuisaka mwilini. Hakuipata. Inasemekana springi za kitanda zilimchanganya. Mwaka 1942 Waingereza walikwenda El Alamein na chombo cha Mpolandi Józef Kosacki, kusaka mabomu yaliyofukiwa.

Ditekta zinazosifiwa na wachimbaji leo ni za mapigo. Koili inapiga sumaku ardhini kwa pigo fupi, inakatwa ghafla, halafu inasikiliza. Metali iliyo chini inabaki na mwangwi. Chembe ndogo ya dhahabu mwangwi wake unakufa upesi mno, ndani ya sehemu za milioni za sekunde. Mashine ikichelewa kusikiliza, imekula kwako. Na udongo mwekundu wenye chuma nyingi nao una kelele zake. Ndiyo maana kwanza unainua na kushusha koili juu ya ardhi isiyo na kitu, unarekebisha mpaka mlio utulie. Nani ana subira hiyo? Wenzangu wanapandisha usikivu mpaka mwisho, mashine inalia kila hatua, basi, "Oya, mzigo upo hapa!" Wanachimba mpaka kiunoni. Msumari. Mashine ya aina hii ni dhaifu kutenganisha msumari na dhahabu.

Dhahabu ya Mjerumani ilikuwepo kweli, tusibishane. Mwaka 1916, vita imewabana, Wajerumani walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya Sekenke. Lakini walizipigia Tabora, jamani, si Songea.

Walichofukia hapa tunakijua. Tarehe 27 Februari 1906 waliwanyonga makumi ya wapiganaji wa Majimaji, wakawazika kaburi moja. Nduna Songea Mbano, ambaye mji huu una jina lake, naye alinyongwa mwaka huo huo, na wazao wake wanadai fuvu lake lilipelekwa Ujerumani. Novemba 2023 Rais Steinmeier alifika hapa, akaomba msamaha, akaahidi kwamba litatafutwa.

Juzi jamaa mmoja alipendekeza tukapige koili jirani na makumbusho, usiku, maana "mashine haidanganyi." Nikamwambia sheria ya mambo ya kale ipo tangu 1964, na pale wamelala babu zetu. Akacheka. Mzee mmoja aliyekuwa kimya na kahawa yake akaniuliza:

"Mjukuu wangu, hiyo mashine inasikia mfupa?"

"Hapana, babu. Inasikia metali tu."