Kabla hujanunua mashine ya kuosha vyombo, onja maji ya kisima chako

Mwaka jana mdogo wangu aliyeko Maskati alituma pesa na sharti moja: zisiende kwenye mabati wala harusi ya mtu, zimnunulie mama mashine ya kuosha vyombo. Mamangu hupika kwa oda hapa Kibuyuni. Wageni waliokuja kutazama mashamba ya mwani, au wanaorudi kutoka Wasini na Kisite na njaa zao, hula kwake wali wa nazi na samaki wa kupaka. Siku ya wageni 30 ni sahani 30, bakuli 30, bilauri 30, na masinia juu yake. Mikono inayoviosha ni ileile iliyoshinda baharini asubuhi ikifunga mwani kwenye kamba. Vidole vyake vimepasuka. Sabuni ikiingia mle, hukunja uso asiseme kitu.

Nikaenda Mombasa, nikanunua haraka mashine ya mtumba kutoka Ulaya, inang'aa, bei nzuri. Haikumaliza miezi mitano. Fundi alipoifungua alinionyesha hita iliyovaa ukoko mweupe kama ganda la yai, na kutu chini ya pampu. "Hii imekunywa bahari," akaniambia. Pesa za mdogo wangu zikaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Niandikayo hapa ni yale niliyojifunza kabla ya kununua ya pili, na naanza na jambo ambalo hakuna muuzaji aliyeniuliza.

Maji yako ni ya wapi? Huku kwetu tumekaa juu ya mwamba wa matumbawe, nao ni chokaa. Maji ya kisima hupita humo yakaja na chokaa yake: sabuni haitoi povu, birika linashika ukoko. Visima vya karibu na ufuo vina tatizo la pili, chumvi ya bahari inayopenya chini kwa chini, hasa tukivuta maji mengi wakati wa kiangazi. Sisi huyaita yote maji ya chumvi, lakini kwa mashine ni vitu viwili mbalimbali. Mashine nyingi zilizotengenezewa Ulaya zina kilainisha maji ndani yake, chombo chenye punje zinazonasa chokaa na kuachia sodiamu mahali pake. Punje hizo hujisafisha kwa chumvi unayoitia wewe kwenye tundu lililo sakafuni mwa mashine. Basi chokaa ina dawa. Chumvi ya bahari haina. Kilainisha hakiitoi, nayo hula hata chuma kinachosifiwa kuwa hakishiki kutu.

Kwa hiyo jipimie. Chemsha maji ya kisima kwenye birika safi wiki nzima, tazama chini. Kisha yaonje. Ukiona ukoko tu, tafuta mashine yenye kilainisha, na uliza waziwazi, kwa sababu baadhi ya modeli za bei ya chini hazina. Ulimi ukihisi chumvi, usiunganishe kisima hicho na mashine yoyote, hata ya bei gani. Tumia maji ya mvua au ya kununua.

Na chumvi ya mashine si ya mezani, maana ile hutiwa iodini na dawa ya kuizuia isigande. Si ya mawe ya bahari pia, ina uchafu na madini mengine. Ni chumvi safi ya punje kubwa iliyoandikwa kuwa ya mashine za vyombo. Ulizia kwanza kama duka linaiuza kila mara, ndipo utazame mashine.

La pili ni nguvu ya maji, na hapa wengi hukwama baada ya kulipa. Katika kijitabu cha kila modeli kuna mstari unaotaja presha ya chini kabisa. Ukiandikwa 0.05 MPa, maana yake maji ya tangi yawe kama mita 5 juu ya pale mpira unapoingia. Ukiandikwa 0.03, mita 3 zinatosha. Tangi letu limekaa juu ya mita 3 na kidogo. Mstari huo mmoja ulinifutia nusu ya mashine nilizokuwa nazitamani. Ungeweza kuongeza pampu ndogo, lakini pampu nayo ni stima na fundi.

Ukubwa huhesabiwa kwa watu: vyombo vya mlaji mmoja, yaani sahani zake, bakuli, bilauri, kikombe, kijiko na uma, ni hesabu moja. Zenye upana wa sentimita 60 hubeba watu 12 hadi 14, nyembamba za sentimita 45 watu 9 au 10. Zile ndogo za kuweka mezani ni za watu 6 hivi, na baadhi zina tangi lake la kujaza kwa jagi, hazihitaji mfereji kabisa. Kwa mpangaji au wazee wawili, mimi ningechagua hiyo. Lakini hesabu yote hiyo ni ya sahani za Kizungu. Tia sinia moja la pilau uone lilivyozuia maji yasifike juu. Nenda dukani na sinia lako, na usione haya.

Sufuria za aluminiamu zisiingie, dawa ya mashine ni kali na huzigeuza nyeusi. Vivyo hivyo mwiko, mbuzi ya kukunia nazi, chungu na kisu cha mpini wa mbao. Sabuni ya mwani tunayoitengeneza hapa naipenda sana, ila ndani ya mashine itafura povu mpaka litokee mlangoni.

Kuhusu stima, tazama kibandiko. Tangu Machi 2021 Ulaya hutumia A hadi G, na kiasi cha umeme huandikwa kwa mizunguko 100. Ukiona A+++ kwenye mtumba, hicho ni kibandiko cha zamani, wala usidhani inaishinda D ya leo. Programu ya Eco ya mashine kubwa hula karibu yuniti moja au pungufu, na lita 9 hadi 12 za maji. Huenda saa tatu au zaidi, lakini ndiyo ya bei nafuu. Ile ya moto mkali hula zaidi. Zidisha na bei iliyo kwenye risiti yako ya tokeni. Wauzaji watakwambia unaokoa maji mengi. Ni kweli kwa anayeosha chini ya mfereji uliofunguliwa. Sisi wa mabesheni mawili hatuokoi mengi hivyo, tunaokoa mikono.

Kile kidude cha kulinda friji kisitumike hapa kama hakikuandikwa kubeba wati zaidi ya 2,000, maana hita peke yake hufika hapo.

Majina utakayoyakuta ni Bosch, Beko, Hisense, LG, Samsung, Ramtons, Mika. Jina nililiweka mwisho. Niliuliza spea na fundi wako wapi, Ukunda au Mombasa, na ni nani atakayeifuata Kibuyuni. Kelele, mwanga wa ndani na kuwasha kwa simu sikuvilipia.

Mashine hizi hazikuanza kwa matajiri wa majumbani. Josephine Cochrane wa Marekani alipata hataza ya yake mwaka 1886, akaionyesha Chicago mwaka 1893, na waliomnunulia sana ni mahoteli na mikahawa. Watu wa kazi ya mamangu.

Tulichukua ya sentimita 60, yenye kilainisha na presha ya 0.03, tukaifungia tangi la maji ya mvua peke yake. Kiangazi kikizidi tunanunua mitungi. Masufuria bado yanasuguliwa kwa mkono, mimi na wanangu kwa zamu. Mama haruhusiwi.