Saini Inathibitisha Nini? Taratibu za Kazi na Ushahidi wa Texas City

Ripoti za ajali viwandani hupenda kuishia kwenye sentensi moja: mfanyakazi hakufuata utaratibu. Mara nyingi sentensi hiyo ni ya kweli, na ukweli wake ndio unaoifanya iwe ya hatari. Humpa mkaguzi pa kukomea, humpa meneja sababu ya kuitisha mafunzo upya, na huuacha utaratibu wenyewe bila kuhojiwa. Makala haya yanadai kwamba pale utaratibu unapokiukwa na watu wengi, zamu baada ya zamu, ukiukaji huo ni taarifa kuhusu andiko kabla haujawa taarifa kuhusu tabia ya mtu. Mwandishi wa utaratibu asiyeitafuta taarifa hiyo anaandikia kabati la mafaili.

Kuhusu umbo la andiko zuri hakuna ubishi wa maana. Kila hatua ipewe sentensi yake, kitenzi cha kuamuru kitangulie, tahadhari iwekwe kabla ya hatua inayohusika, vipimo vitajwe kwa tarakimu pamoja na kikomo cha juu na cha chini, na lugha iwe ile inayosemwa mtamboni. Miongozo yote husema hivyo, na iko sahihi.

Ubishi unaanza tunapouliza kwa nini andiko zuri halifuatwi. Jibu la zamani ni la H. W. Heinrich, mtaalamu wa bima wa Marekani, aliyedai mwaka 1931 kwamba asilimia 88 ya ajali husababishwa na vitendo visivyo salama vya watu, asilimia 10 na mazingira, na asilimia 2 haziepukiki. Takwimu hizo bado zinaoneshwa kwenye semina za usalama kana kwamba zilipimwa maabara. Chanzo chake kilikuwa mafaili ya madai ya bima na kumbukumbu za viwanda, ambamo maelezo ya ajali huandikwa kwa kawaida na wasimamizi. Kilichohesabiwa, kwa maoni yangu, ni nani alilaumiwa. Andrew Hale na David Borys, katika mapitio yao ya mwaka 2013, wanatenganisha mitazamo miwili: mmoja unaona kanuni kama amri kutoka juu, mwingine kama ujuzi unaoendelea kujengwa na watendaji. Wao wanatafuta njia ya kuiunganisha. Mimi sina subira hiyo, kwa sababu kuna tukio ambalo mtazamo wa kwanza hauwezi kulieleza.

Tarehe 23 Machi 2005, kiwanda cha kusafisha mafuta cha BP huko Texas City, Marekani, kililipuka wakati wa kuwasha kitengo cha isomerisheni, yaani cha kubadili muundo wa molekuli za mafuta. Watu 15 walikufa na 180 walijeruhiwa. Wote 15 walikuwa wafanyakazi wa wakandarasi, waliokuwa ndani ya vibanda vya muda au karibu navyo, na hakuna aliyewaambia kwamba mtambo unawashwa. Ripoti ya Bodi ya Uchunguzi wa Usalama wa Kemikali ya Marekani, iliyotolewa mwaka 2007, ni miongoni mwa nyaraka chache zinazoturuhusu kuona utaratibu ulioandikwa na kazi iliyofanyika vikiwa bega kwa bega.

Utaratibu ulitaka kina cha kimiminika katika mnara wa kutenganisha kishikiliwe kwenye asilimia 50 ya kipimo, valvu ya kutolea ikijiendesha yenyewe. Maopereta waliifunga valvu hiyo na kujaza hadi kipimo kikasoma takriban asilimia 99. Msomaji wa haraka ataona uzembe. Lakini walikuwa na sababu, na sababu yenyewe ni ya kiusalama: kina kikishuka mno wakati wa kuwasha, mtiririko wa kuelekea kwenye tanuri hukatika na vifaa huharibika. Wao walilinda hatari waliyoijua. Hatari nyingine, ya mnara kujaa kupita kiasi, hawakuweza kuiona, maana mnara ulikuwa na urefu wa mita 52 hivi ilhali kipima kina kilihusu takriban mita 3 za chini tu. Muda mfupi kabla ya mlipuko kilikuwa kinasoma asilimia 78 na kuendelea kushuka. Kimiminika chenyewe kilikuwa kimefika karibu mita 48. Kioo cha kutazamia kina kilikuwa kimechafuka hata hakisomeki. King'ora kimoja cha kina cha juu kililia, cha pili hakikulia kabisa.

Ongeza hapo suala la zamu. Kazi ya kujaza ilianza usiku, ikasitishwa, ikaendelea asubuhi kwa watu wengine. Daftari la zamu lilibeba mstari mmoja usiosema kitu, na hatua zilizokamilika hazikuwekewa alama. Utaratibu haukuwa na maelekezo ya kuwasha kunakokatizwa njiani, jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kupokea zamu ya asubuhi angelifikiria kwanza. Opereta aliyekuwa kwenye chumba cha udhibiti alisimamia vitengo vitatu kwa wakati mmoja, na baadhi ya wenzake walikuwa wamefanya kazi zamu za saa 12 kwa takriban mwezi mzima bila siku ya mapumziko.

Jambo ninaloliona zito kuliko yote ni hili: haikuwa mara ya kwanza. Bodi ilipopitia rekodi za kuwashwa kwa mnara huo katika miaka mitano iliyotangulia, ilikuta kwamba mara nyingi kina kilipita upeo wa kipima kina. Data zilikuwemo kwenye kompyuta za kiwanda chenyewe. Wakati huohuo kanuni ya Marekani ya mwaka 1992 kuhusu usalama wa michakato ya kemikali humtaka mwajiri athibitishe kila mwaka kwamba taratibu zake ni sahihi na za kisasa. Uthibitisho ulifanyika na saini ziliwekwa. Walioweka saini walithibitisha karatasi, na karatasi haikuwa imebadilika.

Wapinzani wangu hunijibu kwa Piper Alpha. Kwenye jukwaa hilo la mafuta katika Bahari ya Kaskazini, tarehe 6 Julai 1988, zamu ya usiku iliwasha pampu ambayo valvu yake ya usalama ilikuwa imeondolewa kwa matengenezo. Watu 167 walikufa. Hapa, wanasema, kibali cha kazi, yaani hati iliyoonesha kwamba pampu iko kwenye matengenezo, kingeheshimiwa, watu wangepona. Nakubali kwamba zipo kanuni zisizostahili kujadiliwa na opereta akiwa peke yake: kufunga chanzo cha nishati na kukitundikia lebo, kupima gesi kabla ya kuingia kwenye tangi, kibali chenyewe. Ila uchunguzi wa Lord Cullen, uliochapishwa mwaka 1990, ulionesha kwamba vibali vilivyositishwa vilihifadhiwa kwenye ofisi ya usalama, si kwenye chumba cha udhibiti ambako uamuzi wa kuwasha ulifanyika. Hata kanuni kali kuliko zote inahitaji kuwa mahali mkono wa mtumiaji unapofika.

Kuna pingamizi lingine, la orodha za ukaguzi hospitalini, ambalo haliepukiki kwa kuwa Ifakara, Tanzania, imo ndani yake. Orodha ya Shirika la Afya Duniani ya usalama wa upasuaji ilijaribiwa katika hospitali nane, mojawapo ikiwa Ifakara, na matokeo ya mwaka 2009 yalionesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Karatasi, basi, inaokoa maisha. Lakini jimbo la Ontario nchini Kanada lilipoagiza orodha za aina hiyo zitumike katika hospitali zake, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu hospitali 101 haukupata punguzo la vifo lenye uzito wa kitakwimu. Zipo tofauti nyingi kati ya tafiti hizo mbili na sidai kuzimaliza; tofauti inayonihusu ni kwamba katika ya kwanza timu zilifundishwa na kurekebisha orodha kulingana na kazi zao, na katika ya pili agizo lilitangulia.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya mwaka 2003 na ile ya Kenya ya mwaka 2007 zinamwajibisha mwajiri kuhusu taarifa na mafunzo kwa wafanyakazi. Kiwango cha ISO 45001 cha mwaka 2018, ambacho viwanda vyetu vinakikimbilia kwa ajili ya cheti, kinataka pia wafanyakazi washirikishwe. Ushirikishwaji huo ni rahisi kuuigiza: mkutano mmoja, karatasi ya mahudhurio, picha. Pendekezo langu ni finyu zaidi na pengine litawaudhi washauri wanaouza taratibu zilizokwisha kuandikwa. Mkaguzi anayetazama utaratibu wa kuwasha boila au mtambo wowote wenye hatari asiulize kwanza kama upo na umesainiwa lini. Aombe rekodi za mara tano za mwisho mtambo ulipowashwa, azilinganishe na andiko hatua kwa hatua, na kila palipo na tofauti amsikilize opereta wa zamu ya usiku kabla ya kumsikiliza meneja. Kiwanda kisicho na rekodi hizo hakina utaratibu wa kukaguliwa, hata kama kina faili lake.