Nyumba mbili, kinasa kimoja: Jinsi ya kuunganisha kamera za ulinzi

MSHIKA mbili, moja humponyoka. Mkazi wa Kitengela aliye na duka mjini Machakos anaielewa methali hii vyema, kwani awapo dukani moyo wake u nyumbani, na arudipo nyumbani fikira zake hubaki dukani. Huenda amekwisha kuweka kamera nne huku na nne kule, lakini ili ajue hali ilivyo hulazimika kufungua vinasa viwili, kila kimoja na neno lake la siri. Swali linalowajia wengi walio katika hali hiyo ni hili: Je, kamera zote nane haziwezi kuonekana katika kinasa kimoja?

Zaweza. Hata hivyo, kutazama picha mahali pamoja si sawa na kuzihifadhi mahali pamoja. Anayeyachanganya mambo haya mawili aweza kujikuta mikono mitupu siku ile anapozihitaji picha hizo zaidi.

Jua kinasa chako

Kabla ya kununua chochote, mwenye mali sharti ajue ana kinasa cha aina gani. Kinasa cha DVR hupokea picha kutoka kwa kamera za analogi kupitia waya unaofanana na ule wa antena ya televisheni. Kamera hizo haziwezi kufikiwa kutoka mbali ila kwa kupitia kinasa chenyewe. Kinasa cha NVR nacho hutumia kamera za IP, ambazo kila moja ina anwani yake katika mtandao kama kompyuta. Kwa kuwa NVR hufuata anwani, haijali kama kamera iko chumba cha pili au mji wa pili, mradi pana njia ya kuifikia.

Jambo la pili ni idadi ya kamera ambazo kinasa chaweza kubeba. Kinasa cha kamera 4 hakitapokea 8, hata mtandao uwe na kasi kiasi gani.

La tatu ni lugha. Mwaka wa 2008 kampuni za Axis, Bosch na Sony zilianzisha utaratibu wa ONVIF ili vifaa vya watengenezaji tofauti viweze kuelewana. Iwapo kinasa cha nyumbani si cha kampuni iliyounda kamera za dukani, hakikisha vyote viwili vina ONVIF, au vinakubali mfumo wa kurusha picha uitwao RTSP.

Kuna mtego mmoja ambao huwatatiza hata mafundi. Vinasa vingi vya NVR vina matundu ya kuchomeka kamera kwa nyuma, na kamera zinazochomekwa hapo huwekwa katika mtandao wa ndani wa kinasa hicho. Ruta haizioni, seuze kinasa kilicho mji mwingine. Dawa ni kukiomba kinasa cha dukani chenyewe kitoe picha za kila kamera kwa RTSP, ama kuzihamisha kamera hizo hadi kwenye swichi iliyounganishwa na ruta.

Njia tatu za kuunganisha

Njia rahisi kuliko zote ni programu ya simu ya kampuni iliyounda vinasa, mathalan Hik-Connect ya Hikvision au DMSS ya Dahua. Mwenye mali husajili kila kinasa kwa nambari yake, na kamera za sehemu zote mbili hujitokeza katika orodha moja. Hakuna haja ya kugusa ruta. Kasoro yake ni kwamba kwa kawaida vinasa viwe vya kampuni moja, na mawasiliano hutegemea seva za kampuni hiyo. Isitoshe, picha huonekana pamoja katika simu au kompyuta tu. Vinasa hubaki viwili.

Njia ya pili, ambayo ndiyo huleta kamera zote ndani ya kinasa kimoja, ni VPN. Hii ni njia ya faragha inayopita ndani ya intaneti na kuunganisha ruta mbili, hata mitandao miwili ikawa kana kwamba iko chini ya paa moja. Baadhi ya ruta huja na uwezo huo, kwa mfumo wa WireGuard au IPsec. Baada ya hapo, kinasa cha nyumbani hupewa anwani ya kila kamera ya dukani kama kinavyopewa za nyumbani.

VPN ina masharti mawili. Kwanza, anwani za mitandao hiyo zisifanane. Ruta nyingi hutoka kiwandani zikitumia 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Iwapo nyumba na duka zina mfululizo mmoja wa anwani, vifaa havitajua ni upande upi unaotafutwa. Badilisha upande mmoja, kwa mfano uwe 192.168.20.1. Pili, angalau upande mmoja uwe na anwani ya intaneti inayoweza kufikiwa kutoka nje. Wanaotumia intaneti ya laini ya simu mara nyingi hugawiwa anwani moja wateja wengi kwa pamoja, na hivyo ruta zao haziwezi kupigiwa hodi. Katika hali hiyo, ruta ya laini ya simu ndiyo ipangwe kuanzisha mawasiliano kuelekea upande wa pili.

Njia ya tatu huwafaa wenye majengo yanayoonana, kama nyumba na zizi lililo ng'ambo ya bonde. Antena mbili za masafa ya gigahezi 5 hutazamanishwa, na picha hupita hewani bila kuhitaji intaneti. Miti au jengo likiwa katikati, mawasiliano hudhoofika au hukatika. Waya wa kawaida wa mtandao usitegemewe hapa iwapo umbali unazidi mita 100.

Mlango wa kutofungua

Baadhi ya mafundi hupendekeza njia ya mkato: kufungua mlango katika ruta ili kinasa kifikiwe moja kwa moja kutoka popote duniani. Ushauri huo ukataliwe. Mwaka wa 2016, programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka kamera na vinasa vingi ambavyo wenyewe hawakuwa wamebadilisha maneno ya siri ya kiwandani. Mnamo Oktoba 21 mwaka huo, jeshi la vifaa hivyo lilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn nchini Marekani, na tovuti kama Twitter na Netflix zikatatizika kwa saa kadhaa. Kifaa kilichonunuliwa kumzuia mwizi kilikuwa kimegeuzwa kuwa mtumishi wake.

Hesabu kabla ya gharama

Kamera moja ya 1080p yaweza kutumia takriban megabiti 4 kwa sekunde. Kamera nne zitahitaji megabiti 16, na kasi inayohusika hapa ni ile ya kutuma kutoka dukani, si ya kupokea ambayo hutangazwa zaidi. Kwa siku nzima, kiasi hicho ni takriban gigabaiti 173. Diski ya terabaiti 2 itajaa kwa muda wa siku 11 hivi, na mwenye kununua data kwa kipimo atafilisika mapema zaidi.

Kwa bahati nzuri, kamera nyingi hutoa picha kwa mikondo miwili: mkuu, wenye ubora kamili, na mdogo, ambao waweza kutumia nusu megabiti tu. Kamera nne kwa mkondo mdogo ni megabiti 2.

Hapa ndipo penye jibu la busara. Kinasa cha dukani kiachwe mahali pake, kiendelee kuhifadhi mkondo mkuu. Kinasa cha nyumbani kipokee mkondo mdogo. Intaneti ikikatika, picha bora zitabaki dukani. Wezi wakikibeba kinasa cha dukani, jambo ambalo ni la kawaida, nakala ya picha zao itakuwa imekwisha kufika nyumbani. Aliyekiondoa kinasa cha dukani ili kupunguza vifaa hubaki bila chochote laini inapokatwa.

Vinasa, ruta na swichi pia viwekewe betri ya akiba, kwani umeme ukipotea upande mmoja, pande zote mbili huathirika.

Saa na sheria

Vinasa vyote vipangwe kuchukua saa kutoka katika intaneti, kwa majira ya Afrika Mashariki. Picha za tukio zinazotofautiana kwa dakika saba huzua maswali ambayo wakili wa mshtakiwa hatayaacha yapite. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, katika sehemu ya 106B, huhitaji pia cheti kuhusu jinsi rekodi ya kielektroniki ilivyotolewa na kifaa kilichotumika.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haigusi shughuli za mtu binafsi ambazo ni za kinyumbani tu. Duka halimo katika msamaha huo. Kanuni za 2021 zinataja kamera za CCTV za kuzuia uhalifu miongoni mwa shughuli ambazo wahusika hutakiwa kujisajili kwa Kamishna wa Data. Weka tangazo mlangoni, na usielekeze kamera katika ua wa jirani.

Kazi ikikamilika, usimlipe fundi kabla ya jaribio moja. Zima intaneti ya dukani kwa saa moja, kisha iwashe na utafute picha za saa hiyo katika kinasa cha dukani. Usipozipata, kazi bado haijaisha.