Muhogo wa Amani

Leo katika somo letu la historia hatutasema habari za wafalme wala za vita. Tutasema habari za muhogo. Labda wengine mtacheka, maana muhogo tumeuzoea, na mtu hudhani ya kwamba kitu alichokizoea hakina historia.

Mwalimu, tafadhali tundika ramani ya Afrika, uwaonyeshe wanafunzi mahali patatu. Pa kwanza ni Amani, katika milima ya Usambara, nyuma ya Tanga. Pa pili ni Ibadan, katika nchi ya Nigeria. Pa tatu ni Namulonge, karibu na Kampala. Muhogo wetu wa leo ulitoka pa kwanza ukaenda pa pili, na kutoka pa pili ukaja pa tatu. Safari hiyo ilichukua karibu miaka 40.

Muhogo si mmea wa Afrika kwa asili. Ulitoka Amerika ya Kusini, na Wareno ndio walioanza kuuleta Afrika katika karne ya 16. Watu waliupokea kwa furaha kwa kuwa unavumilia jua, haudai udongo mzuri, na waweza kukaa ardhini mpaka siku ya haja. Lakini una jambo moja lililo gumu. Sisi husema "mbegu ya muhogo", na kumbe ile si mbegu. Ni pingili, yaani kipande cha mti. Ukikata pingili katika mti wenye ugonjwa, umepanda ugonjwa. Ukimpa jirani pingili hizo kwa wema wako, umempa na ugonjwa pia.

Ugonjwa tunaousema ni batobato. Majani huwa na mabaka ya manjano, hujikunja na kuwa madogo, na mizizi hukonda. Mtaalamu mmoja Mjerumani, Bwana Warburg, aliuandika katika mwaka wa 1894, zamani Wadachi walipotawala Tanganyika. Hiyo ndiyo habari ya kwanza ya batobato katika vitabu vya wataalamu. Wakulima bila shaka walikuwa wameuona kabla yake.

Katika mwaka wa 1902 Wajerumani walijenga kituo cha utafiti wa kilimo pale Amani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kituo kikawa mikononi mwa Waingereza, na kikatumikia nchi zote za Afrika Mashariki zilizokuwa chini yao. Huko alifanya kazi Bwana H. H. Storey, mjuzi wa magonjwa ya mimea, pamoja na Bwana R. F. W. Nichols. Hao walieleza ya kwamba batobato huchukuliwa toka mti hadi mti na nzi weupe, wale wadudu wadogo sana wanaokaa chini ya majani. Basi hata mkulima aliyechagua pingili safi hakuwa salama, maana nzi wa jirani huruka.

Dawa ilikuwa moja tu: kupata muhogo wenye nguvu ya kushindana na ugonjwa. Wakakusanya mihogo ya Afrika Mashariki na mingine ya nchi za ng'ambo. Mingine ilikuwa afadhali, lakini hapakuwa na mmoja uliotosha. Ndipo walipoutazama mti uliokuwa karibu nao siku zote, yaani mpira.

Hapa nawauliza wasikilizaji wa Tanga na Muheza: mnakijua kisamvu cha mpira? Ndio mti huo huo. Unaitwa mpira wa Ceara, kwa jina la jimbo lake huko Brazili. Wajerumani waliupanda katika mashamba makubwa ili kupata utomvu, na bei ya mpira ilipoanguka mwaka wa 1913 mashamba yakaachwa. Matajiri wakapata hasara, nasi tukabakiwa na mboga. Mpira huo ni ndugu wa muhogo. Hauna mizizi ya kula, lakini unashindana na batobato.

Kuanzia miaka ya 1930 wakaanza kuwaoza ndugu hao wawili. Huchukuliwa unga wa ua la mmoja ukapakwa katika ua la mwingine, kisha ua hufunikwa ili nyuki asichanganye mambo. Tunda likikomaa hutoa mbegu, mbegu hasa, ndogo na ngumu. Mbegu hupandwa, nawe wangoja. Mtoto wa kwanza alikuwa na nguvu ya mpira, lakini mizizi yake ilikuwa kama kamba. Haikufaa chunguni. Basi mtoto akaozwa tena na muhogo, na mjukuu naye akaozwa na muhogo, mpaka mara tatu. Kila mara ilipandwa miche mingi, ikang'olewa karibu yote, ikabakizwa michache iliyokuwa na mizizi mizuri bila kupoteza ukinzani. Kazi hiyo ilichukua miaka 20 hivi. Majina ya wakubwa wa kituo yameandikwa vitabuni. Majina ya watu walioyapaka maua yale na kuyapalilia makonde ni nadra kuyakuta, nami kwa upande wangu naona hiyo ni deni ambalo historia haijalilipa.

Mwaka wa 1957 kazi ya kuzalisha mihogo pale Amani ilikoma. Ingaliweza kuwa mwisho wa habari. Lakini katika miaka hiyo ya 1950 mbegu za mmoja wa wajukuu wale, ambao katika daftari za Amani waitwa 5318/34, zilipelekwa Nigeria, kwenye kituo cha Moor Plantation, mjini Ibadan.

Tafadhali msikilize vizuri hapa. Kwa nini zilipelekwa mbegu, wala si pingili? Kwa sababu batobato hukaa katika mti, lakini haupiti katika mbegu. Mtu akituma pingili huweza kutuma ugonjwa ng'ambo ya bara. Akituma mbegu hutuma ukoo peke yake. Katika miche iliyoota Ibadan wakachagua mmoja, wakauita 58308. Ulikuwa na ukinzani mzuri, ila mavuno yake yalikuwa madogo, na kwa miaka kadhaa haukuwa na sifa kubwa.

Mwaka wa 1967 ikaanzishwa huko Ibadan taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto, iitwayo IITA. Nigeria ilitoa ardhi, na mashirika mawili ya Marekani, Ford na Rockefeller, yakatoa fedha. Mwaka wa 1971 akaja mtaalamu wa Korea, Bwana Sang Ki Hahn. Akauchukua ule 58308 wa ukoo wa Amani, akauoza na muhogo wa Brazili uitwao Branca de Santa Catarina. Hesabuni wenyewe: mpira wa Brazili ulioachwa Tanganyika, mbegu ya Usambara, mkono wa Mkorea, udongo wa Nigeria. Mmoja wa watoto waliopatikana ni TMS 30572. Jina hilo halina utamu, lakini mizizi yake ilikuwa mingi, na wakulima wa Nigeria wakaipenda. Baadaye Nigeria iliipita Brazili ikawa ya kwanza duniani kwa wingi wa muhogo.

Sasa tuje Uganda. Mwishoni mwa miaka ya 1980, katika sehemu za Luwero, wakulima waliona batobato wasioujua. Mabaka yalikuwa makali kuliko yale ya zamani, majani yakabaki kama vijiti, na mti ukachimbwa bila kitu chini. Ugonjwa ukatembea kuelekea kusini, kilomita 20 hadi 30 kila mwaka. Mwaka wa 1997 wataalamu wa Uganda na wa Uskoti wakatangaza sababu: virusi vya namna mbili vilikuwa vimekutana katika mmea mmoja, vikachanganyika, vikazaa kirusi cha tatu chenye ukali zaidi.

Fikirini maana yake kwa mama mwenye watoto sita ambaye shamba lake ni muhogo mtupu. Mahindi yakikauka, muhogo ndio akiba. Akiba yenyewe ikioza hakuna pa kukimbilia. Katika wilaya nyingi watu waliacha kabisa kupanda muhogo, na njaa ikaingia.

Wataalamu wa Namulonge, wakiongozwa na Bwana Otim-Nape, walikuwa tayari na mihogo iliyoletwa kutoka IITA. Wakaijaribu katika mashamba yaliyougua. TMS 30572 ulisimama. Ukapewa jina la Nase 3, lakini wakulima wakauita Migyera. Vikundi vya wakulima vikapewa pingili, vikapanda, vikakata, vikawapa wengine. Katika miaka ya 1990 muhogo ukarudi. Ugonjwa ulipovuka mpaka kuingia Kenya ya magharibi, na baadaye Kagera, njia ya kupambana nao ilikuwa imekwisha kujulikana.

Ningependa kusema ya kwamba mambo yakaisha vema. Hayakuisha. Upo ugonjwa wa pili, michirizi ya kahawia, ambao Bwana Storey aliueleza mwaka wa 1936 kutoka Amani. Huo ni mwizi wa ndani. Mti huonekana mzima, muhogo ukichimbwa ni mnene, lakini ukiukata nyama ina madoa ya kahawia, makavu na magumu, hata mbuzi huukataa. Kwa miaka mingi ulikaa pwani na kando ya Ziwa Nyasa. Kuanzia mwaka wa 2004 ulionekana Uganda, ukaenea kandokando ya Ziwa Viktoria, na ule Migyera ulioshinda batobato haukuweza kushindana nao.

Wataalamu wakatafuta tena mzazi mwenye nguvu. Pwani ya Kenya kulikuwa na muhogo uitwao Kaleso. Kusini mwa Tanzania kulikuwa na mwingine uitwao Namikonga. Yote miwili ilivumilia michirizi. Walipolinganisha vinasaba vyake maabarani, wakakuta ni muhogo mmoja wenye majina mawili. Nao ni wa Amani, katika daftari namba 46106/27. Wakulima walikuwa wameutunza kwa kukata pingili na kugawiana, muda mrefu baada ya kazi ya Amani kukoma.

Kuanzia mwaka wa 2012 nchi tano, yaani Kenya, Malawi, Msumbiji, Tanzania na Uganda, zilikubaliana kila moja itoe mihogo yake mitano iliyo bora, ili wote waijaribu. Safari hii pingili hazikuvuka mpaka mikononi mwa watu. Mihogo ilisafishwa virusi Kenya na Uingereza, ikakuzwa miche midogo ndani ya vyombo vya kioo, ndipo ikapelekwa kila nchi.

Kwa somo lijalo, kila mwanafunzi amwulize mzee mmoja wa kijijini kwake majina ya mihogo waliyopanda zamani, na kila muhogo ulitoka kwa nani. Ayaandike katika daftari kwa mkono wake mwenyewe. Lakini tafadhali, leteni majina tu darasani. Pingili ziacheni shambani. Kwaherini.