Usalama wa Bahari ya Hindi: Usalama wa Nani?

Mazungumzo ya barazani hapa Majengo, Pumwani, yakigusa Diego Garcia au Mayotte, hakosi wa kuuliza: "Hayo yatuhusu nini sisi wa Eastlands?" Mimi husema yanatuhusu sana. Marobota ya mitumba ya Gikomba yatokayo Ulaya hupitia Suez na Bahari ya Shamu. Wahouthi walipoanza kushambulia meli Novemba 2023, meli nyingi zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema. Safari ikarefuka, gharama ikapanda.

Basi kila mtu anautaka usalama wa bahari. Tatizo ni kwamba wenye manowari na wenye visiwa hawalielewi neno hilo kwa namna moja. Kwa dola kubwa, usalama ni njia ya meli kuwa wazi na kituo cha kijeshi kuwa karibu. Kwa wenye visiwa, ni ardhi yao, samaki wao na haki ya kuamua nani atie nanga.

Tazama Chagos. Mwaka 1965 Uingereza ilivitenga visiwa hivyo na Morisi, miaka mitatu kabla ya Morisi kupata uhuru. Kati ya 1968 na 1973 wenyeji wote waliondolewa ili Marekani ijenge kituo Diego Garcia. Februari 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba utengano huo haukuwa halali. Mei 2025 Uingereza na Morisi zilitia saini mkataba wa kuvirudisha, lakini Diego Garcia ikodishwe kwa miaka 99. Kwa mujibu wa mkataba huo, wenyeji waweza kurejeshwa visiwa vingine, si Diego Garcia.

Komoro nayo ilijitangazia uhuru mwaka 1975, Mayotte ikabaki chini ya Ufaransa. Ufaransa yasema watu wa Mayotte walipiga kura kubaki nayo. Komoro yasema taifa lake limekatwa kiungo. Tangu 1995 Mngazija huhitaji viza kuvuka kwenda huko, na wengi wamezama wakijaribu kuvuka kwa mashua usiku.

Wenye visiwa hawamkatai kila mgeni. Shelisheli iliposumbuliwa na maharamia wa Kisomali, ilipokea msaada wa manowari za nje na kuwahukumu maharamia katika mahakama zake. Lakini mwaka 2018 mpango wa India wa kujenga kituo cha kijeshi kisiwa cha Assumption ulikwama baada ya wananchi kuupinga. Desemba 2023 Shelisheli ilipotajwa katika muungano ulioongozwa na Marekani Bahari ya Shamu, ilieleza kuwa itatoa taarifa tu, si meli wala askari.

Fikra hii si ngeni kwetu. Mwaka 1971 Umoja wa Mataifa uliitangaza Bahari ya Hindi kuwa eneo la amani, Sri Lanka na Tanzania zikiwa mstari wa mbele. Hata hivyo manowari hazikuondoka.

Kenya nayo ina wageni wake. Tangu 1980 ina makubaliano yanayoiruhusu Marekani kutumia bandari ya Mombasa. Tarehe 5 Januari 2020 al-Shabaab walishambulia kambi ya Manda, Lamu, wakaua Wamarekani watatu. Mvuvi wa Lamu anajua kwamba kituo cha kumlinda mtu chaweza pia kumvuta adui.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa hiyo mwenyeji ana haki ya kuuliza kama anapona kweli. Sheria yetu ya mikataba ya mwaka 2012 inataka mikataba inayohusu usalama na mamlaka ya nchi ipelekwe Bungeni, na wananchi wasikilizwe. Mbunge wa Kamukunji na wa Lamu wote hupiga kura humo. Tuwaulize mambo matatu: mkataba ni wa miaka mingapi, mvuvi atazuiwa wapi, na askari wa nje akikosa atashtakiwa mahakama gani.