Theluji ya Rebmann na ujumbe nilioutuma

Nimekuwa kimya kidogo. Kazi za watu zilinibana, halafu nikaamua kuja nyumbani Makwasinyi kupumzika. Kwa wasiopafahamu: unatoka Voi kama unaelekea Mombasa, unafika Maungu, unaiacha lami na kula vumbi hadi chini ya mlima Kasigau. Mtandao hapa ni wa kubembeleza. Ukitaka kutuma faili kubwa unapanda juu ya jiwe lililo nyuma ya nyumba, unanyanyua kompyuta kidogo na kuomba Mungu.

Leo sitaandika kuhusu programu. Nitaandika historia kidogo, lakini lazima nianze na kosa langu mwenyewe.

Miezi kadhaa iliyopita, katika kundi la WhatsApp la kanisa letu, ulikuja ujumbe kwamba kijana mmoja wa hapa jirani amekula pesa zilizochangwa za tangi la maji. Ulikuwa na picha yake na maneno makali. Nikausambaza katika makundi mawili bila kufikiri. Mimi, mtu mwenye shahada ya kompyuta, ambaye kazi yangu ni kuandika msimbo unaokataa data isiyohakikiwa! Siku tatu baadaye ilijulikana pesa ziko salama, zilikuwa zimechelewa kuhamishwa tu. Lakini kijana alikuwa ameshatukanwa barabarani, na mama yake alikuwa ameacha kuja ibadani. Hakuna kitufe cha kufuta kinachofika huko.

Nikiwa na aibu hiyo ndiyo nikaanza kusoma habari za zamani za mlima huu. Nimekuta mambo ambayo yamenikosesha usingizi.

Oktoba 1847, mmisionari Mjerumani wa shirika la CMS, Johannes Rebmann, alitoka Rabai karibu na Mombasa akaja hadi Kasigau. Yeye aliuandika "Kadiaro". Naam, mlima huu huu ninaouona nikiandika. Mwaka uliofuata alirudi bara, akapita nchi ya Wataita kuelekea Uchagani akiongozwa na Bwana Kheri. Tarehe 11 Mei 1848 akauona Kilimanjaro na kitu cheupe kileleni. Mmoja wa watu aliosafiri nao aliita kile cheupe "baridi" tu. Rebmann, aliyezaliwa Ujerumani na kuijua theluji, alielewa mara moja.

Habari yake ikachapishwa London mwaka 1849 katika gazeti la wamisionari. Na hapo vita vikaanza. Mtaalamu wa jiografia wa huko huko London, William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, alikataa katakata. Theluji karibu na ikweta? Haiwezekani! Mwenzake Rebmann, Johann Ludwig Krapf, naye akauona mlima mwaka huo huo wa 1849, lakini Cooley hakulegeza. Mwaka 1852 alitoa kitabu kizima akiwabishia. Ni mpaka Baron Karl Klaus von der Decken alipofika mlimani mwaka 1861 pamoja na Richard Thornton, na tena mwaka 1862 pamoja na Otto Kersten, ndipo ubishi ulipoishiwa nguvu.

Unamjua Cooley, au siyo? Yuko katika kila kundi. Hajatoka kitini, hajaona, lakini ana jibu refu kuliko la aliyekwenda kwa miguu.

Hadithi ingeishia hapo ingekuwa tamu: Rebmann shujaa, Cooley mjinga. Lakini Rebmann huyo huyo naye ana hadithi ya pili.

Yeye na mwenzake Jakob Erhardt walikuwa wakiwauliza wafanyabiashara wa misafara habari za bara. Waliotoka pembe moja walisema njia yao inaishia kwenye maji makubwa. Waliotoka pembe nyingine, vivyo hivyo. Na wa tatu, vivyo hivyo. Wamisionari wakahitimisha kwamba maji yote hayo ni ziwa moja. Ramani yao, iliyochapishwa Ulaya mwaka 1856, ilionyesha ziwa kubwa ajabu katikati ya Afrika, lenye umbo la konokono aliyetoka kwenye gamba lake. Watu wakaicheka, lakini pia ikawatia hamu. Burton na Speke waliondoka pwani mwaka 1857, wakafika Tanganyika Februari 1858, na Agosti mwaka huo Speke akaliona ziwa tunaloliita Victoria. Yalikuwa maziwa mbalimbali, na Nyasa likiwa lingine kusini.

Kwa lugha ya kazi yangu, hii ni hitilafu ya kuunganisha rekodi. Rekodi tatu zina neno "ziwa", programu inaamua ni kitu kimoja, inafuta tofauti zao. Angalia vizuri: mashahidi hawakudanganya. Kila msafiri alisema aliloliona. Kosa lilikuwa la waliokusanya. Na ndivyo ujumbe wangu ulivyoumbwa. Mmoja aliona pesa hazijafika, mwingine alimwona kijana na simu mpya. Mtu wa tatu akaunganisha. Mimi nikasambaza.

Sasa nije kwenye hadithi ya tatu, ambayo wazee wa hapa wakiitaja wanashusha sauti.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, Wajerumani walivuka mpaka na kuiteka Taveta mwezi Agosti. Vikosi vyao vidogo vilikuwa vikipita porini kuja kulipua reli ya Uganda, na Kasigau, mlima wenye maji katikati ya nyika kavu, ukawa mahali pa kugombaniwa. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ya Uingereza iliwatuhumu Wakasigau kwamba wanawasaidia Wajerumani. Hawakuchagua nani na nani. Waliwahamisha watu wa mlima mzima, wazee na watoto, wakawapeleka Malindi. Nyumba zilichomwa. Huko pwani malaria na njaa viliua wengi. Ilichukua miaka mingi, hadi miaka ya 1930, kabla ya watu kurudi kukaa hapa.

Na ajabu ni hii: Desemba 1915 Wajerumani waliuteka mlima vilevile, wenyewe wakiwa wameshaondolewa.

Nimejiuliza sana, kama Mkristo, hapo kanisa lingesimama wapi. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 19, Musa anaagiza kwamba mtu asihukumiwe kwa neno la shahidi mmoja, na kwamba waamuzi wachunguze kwa bidii. Zamani nilidhani hiyo ni sheria ya mahakama tu. Siku hizi naona ni sheria ya simu yangu. Maana aliye na uwezo wa kuadhibu kabla ya kuchunguza si serikali pekee tena. Mwaka 1915 ulihitaji jeshi ili kumfukuza mtu kwao. Leo inatosha picha na kundi la watu 200.

Tena hatari haiji kwa njia ya uvumi peke yake. Mwaka 2023 tuliona Shakahola, huko huko upande wa Malindi, ambako zaidi ya miili 400 ilifukuliwa. Mafundisho ya kule yalikuwa yamesambaa pia kwa video. Watu waliamini sauti moja, na sauti hiyo haikuruhusu swali. Kwa hiyo sisemi "aminini kila aliye karibu". Wala sisemi "kataeni kila kitu" kama Cooley. Siku hizi picha zinatengenezwa na kompyuta hadi mimi mwenyewe nadanganyika, na kukataa kila kitu kumekuwa rahisi kama kuamini kila kitu. Vyote viwili ni uvivu.

Nimejiwekea maswali matatu, nimeyaandika kwenye karatasi nyuma ya simu. Nani aliona kwa macho yake? Je, habari hii ni moja, au ni tatu zilizoshonwa pamoja? Na kama si kweli, nani ataumia? Swali la tatu ndilo ninaloliogopa. Cooley alipokosea, aliyeumia ni sifa ya mmisionari. Serikali ilipokosea, waliumia watu wa mlima mzima.

Kuhusu yule kijana: Jumamosi nilikwenda kwao. Nilijipanga na maneno mengi, yote yakapotea mlangoni. Mama yake alinipa kiti na chai, hakunipa maneno. Kijana alisema tu, "Kaka, uliweza kunipigia." Ni kweli. Namba yake ninayo tangu shule ya msingi. Kuhakiki kungenigharimu shilingi chache na dakika mbili.

Nimeandika msamaha katika makundi yale yale mawili, kwa jina langu. Wachache waliujibu. Ujumbe wa kwanza ulikuwa umejibiwa na wengi, lakini hiyo si hoja ya kuacha.

Jumapili hii mama yake alikuja ibadani. Alikaa nyuma, karibu na mlango. Ni mwanzo.

Haya, betri inaniishia na jua linashuka nyuma ya mlima. Wiki ijayo nitarudi kwenye mambo ya hifadhidata, nimeahidi. Mpaka hapo, kabla hujatuma, piga simu.